Mwezi wa Notisi

Tuseme ukweli kabla haujatuponyoka: siku ile mjinga alikuwa yeye mwenyewe. Si mkufunzi, si Bosi, si kaka yake. Yeye. Hata leo ukimuuliza atakubali, tena kwa kicheko, huku akiuvuta uzi wake juu ya kipande cha nta.

Ofisini walimwita Muhuri. Kwa miaka kumi na moja alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, na kazi yake ilikuwa kupokea kila karatasi iliyoingia, kuigonga muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe ya siku hiyo, na kuitupia kwenye trei ya barua zinazokwenda juu. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Angeweza kukusimulia mpira wa jana, macho kayakaza usoni kwako, huku mkono unagonga pa, pa, pa, na hakuna muhuri hata mmoja uliokwenda upande.

Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kama mtoto wake wa mwisho. Karatasi ikishagongwa muhuri, hairudi tena mkononi mwa aliyeileta. Watu walimlilia dirishani. Kuna mtumishi mmoja aliyeomba uhamisho asubuhi akiwa na hasira, saa nne akaja mbio kuomba barua yake. Muhuri alimtikisia kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. "Ningeweza," akamwambia, "lakini imeshapokelewa."

Nyuma ya kabati la chuma alikuwa na kazi ya pili, ambayo haikuandikwa popote. Vile vitabu vikubwa vya vizazi vilikuwa vizito kama watoto wa miaka mitatu, na vilizeeka kama watu: mgongo kwanza. Kurasa zilichomoka, majalada yalining'inia. Basi saa ya chakula wenzake wakitoka, yeye alibaki na sindano, uzi, gundi na mbao mbili zilizobanwa kwa skrubu, akaanza kujalidi. Hakufundishwa na mtu. Alifumua kitabu kimoja kilichokwisha kufa, akaona fundi wa zamani alipitisha uzi wapi, akaurudishia palepale. Cha kwanza kilikuwa kibaya, kinafunguka kama mdomo wa kiboko. Cha hamsini ungeweza kukirusha ukutani na kikaanguka kikiwa kizima. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemuuliza.

Kasoro yake ilikuwa majibu. Ukimrushia neno leo, jibu lake lilifika kesho kutwa, akiwa bafuni ana sabuni machoni. Hapo ndipo alipokuwa hodari, akiyajibu maji.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Ofisi ilimleta mkufunzi awafundishe watumishi namna ya kufanikiwa kwa kufuata kile wanachokipenda. Alikuja na viatu vilivyochongoka mbele, na sauti ya mtu anayeuza kitu ambacho bado hakijafika dukani. Akawagawia karatasi. "Andika barua ya kuacha kazi," alisema. "Ile utakayoiandika siku ukiweza kuishi kwa kazi uipendayo. Weka tarehe ya miaka mitatu ijayo. Ikunje, itie mfukoni, ikuchome kila ukikaa!"

Wengine walitafuna kalamu. Muhuri aliandika kama anayenakili, maana barua hiyo alikuwa nayo kichwani miaka mingi. Aliandika kwamba anaacha kazi ili awe fundi wa kujalidi vitabu, kazi ambayo mikono yake inaijua kuliko inavyojua kusalimia. Akamaliza, akatia saini, akafika kwenye tarehe. Na ule mkono wa miaka kumi na moja, ambao haujawahi kuandika tarehe yoyote isipokuwa ya leo, ukaandika ya leo.

Hapo bado pangepona. Lakini ilipofika mapumziko ya chai, alipita masjala akakuta foleni imefika mlangoni. Akakaa, akaiweka barua yake mezani juu ya nyingine, akaanza kuwahudumia watu. Pa, pa, pa. Kuna mzee alikuwa anamweleza habari za ndugu yake aliyefariki, naye anasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama. Pa, pa. Trei ikajaa. Tarishi, aliyekuwa na haraka ya kuwahi chai, akaikumba trei yote na kupanda nayo ngazi.

Saa nane Muhuri alitia mkono mfukoni kutafuta kile cha kumchoma. Mfuko mtupu.

Alipanda ngazi mbili mbili. Alimkuta Bosi ameegemea kiti, barua iko mezani, na chini yake kwa wino wa kijani pameandikwa: *Imekubaliwa. Asante kwa utumishi wako.*

"Kwanza nikupongeze," Bosi alisema. "Umeandika vizuri. Sikujua kama unajua kuandika."

"Bosi, ile ilikuwa ya mazoezi."

"Ina muhuri."

"Niliugonga mwenyewe, kwa bahati mbaya."

"Naona. Tena umenyooka, haukwenda upande." Bosi aliigeuza barua aitazame vizuri. "Ningeweza kukurudishia, karani wangu, lakini imeshapokelewa."

Makarani waliokuwa mlangoni walikohoa ili wasicheke. Jibu la Muhuri, kama kawaida, lilikuwa bado njiani.

Lakini kuna kitu kilimchoma kuliko vicheko. Mwaka jana ombi lake la likizo ya siku tano lilikaa juu wiki tatu, na likarudi limekataliwa. Ombi la kuondoka moja kwa moja lilichukua saa chache, chai ikiwemo. Miaka kumi na moja, na hakuna aliyeuliza hata "kwa nini?"

"Una mwezi mmoja wa notisi," Bosi aliendelea, sauti imelainika kidogo. "Mimi si mtu mbaya, na kaka yako ni rafiki yangu tangu shuleni. Kabla mwezi haujaisha, lete barua ya kufuta hii. Useme kwamba siku ile hukuwa na akili timamu, uombe radhi, uahidi kutorudia."

"Kutorudia nini, Bosi?"

"Mambo haya ya kupenda-penda."

Mkewe Muhuri ni mshonaji nguo, cherehani yake iko barazani, na alipoisikia habari yenyewe alicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga pedali. Alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akacheka tena.

"Umejifukuza!" alisema. "Baba watoto, watu wanafukuzwa na maadui zao. Wewe umejifukuza kwa mkono wako, tena kwa wino wa serikali!"

"Cheka tu. Nitaandika ile barua ya kuomba radhi, mambo yaishe."

Kicheko kikakatika. "Kwamba huna akili timamu?"

"Ni maneno tu."

"Na yatagongwa muhuri? Yatiwe kwenye jalada lako? Ili kila ukiomba kitu wafungue waseme, huyu ni yule aliyekiri?" Alikata uzi kwa meno. "Hebu nikuulize. Kazi ya vitabu unaiweza, au unaipenda tu? Maana ni vitu viwili. Mimi napenda kuimba."

Wote wawili walijua kuimba kwake.

"Naiweza," alisema mwishowe.

"Basi tusikilizane. Mwezi huu usiandike chochote. Siku zako za likizo walizokunyima miaka yote hii zinatosha mwezi mzima. Zidai, ukae hapa barazani ufanye kazi. Kabla siku ya mwisho haijaisha nataka wateja watatu usiowajua. Sitaki ndugu. Sitaki jirani. Hao wanakuletea kazi kwa kukuhurumia, na huruma haiji mara ya pili. Ukipata watatu, umetoka ofisini na hurudi. Ukipata wawili, mimi mwenyewe nitakuandikia hiyo barua ya kichaa, na utasaini. Umesikia?"

"Wawili na nusu je?"

"Nusu ni wewe ukileta mzaha."

Kaka yake alikuja Jumapili, shati limenyooshwa kama anakwenda kuposa. Ni yeye aliyemtafutia ile kazi, na jambo hilo halikuwahi kupumzishwa.

"Mdogo wangu," alisema kabla hajakaa, "mimi nilimpigia yule bwana magoti kwa ajili yako. Magoti haya unayoyaona."

"Nayaona, kaka."

"Vitabu! Nani siku hizi ana shida ya kushonewa kitabu? Watu wana simu. Mtu amezaliwa simu mkononi, wewe unakaa na sindano! Kupenda kitu ni mambo ya jioni, ukishatoka kazini. Mimi napenda kuvua samaki. Umewahi kuniona nimeacha duka niende kuvua?"

"Shemeji," mkewe Muhuri aliingilia kutoka kwenye cherehani, "wewe huvui hata jioni."

"Kwa sababu nina kazi!"

"Ndivyo tunavyosema."

Kaka aliondoka bila kumaliza chai, lakini alipofika kwenye ngazi aligeuka. "Siku ya mwisho ya mwezi nitakuja na barua imeshachapwa, wewe utie saini tu. Sitaki uaibishe jina letu." Muhuri alitafuta neno la kumjibu. Lilimjia Jumanne, akiwa anachuja gundi.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Muhuri alikaa barazani na mbao zake, ameshachora kibao kizuri chenye kitabu na sindano, na watu wakapita wakidhani ni cha cherehani. Bibi mmoja alimletea suruali. Siku ya tano mkewe alikiondoa kile kibao akakigeuza kiangalie ukuta.

"Acha kungoja. Nguo zangu za kwanza nilizipata kwa kumsimamisha mtu njiani nikamwambia mkono wa shati lako umevuka bega. Alikasirika, halafu akaja. Nenda penye vitabu vinavyoumwa."

Akaenda. Alizunguka na kitabu kimoja cha mfano alichokijalidi mwenyewe, akakigonga mezani mbele ya watu ili wakisikie. Karani mmoja wa mahakama alimfukuza. Mwenye duka la vitabu alimwambia yeye anauza vipya, vya zamani avitengeneze ili iweje? Lakini kwenye mashine ya kusaga nafaka, aliuona ukutani, umetundikwa kwa msumari, mwongozo wa mashine yenyewe, umelowa mafuta, nusu ya kurasa zimefungwa kwa mpira.

"Huu ukipotea?" alimuuliza msagaji.

Msagaji, mtu mkubwa mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alimtazama. "Ukipotea, mashine ikiharibika tunakufa njaa sote. Hawauchapi tena."

"Nipe siku tatu."

Alirudi nao baada ya siku tatu, umeshonwa, una jalada gumu lililovishwa plastiki lisinywe mafuta, na tundu lenye pete ya chuma juu ili utundikwe palepale kwenye msumari. Msagaji aliufungua, akaufunga, akaufungua tena. Hakusema asante. Alisema, "Mbona hukuja mwaka juzi?"

Huyo mmoja.

Wa pili alikuwa mwalimu wa muziki, mwanamke mwembamba asiyetabasamu, mwenye daftari la noti alilorithi kwa mwalimu wake. Na hapa Muhuri alikula mwereka. Kwa kujiamini kupita kiasi aliahidi kulimaliza upesi, na katika haraka hiyo akashona fungu la kurasa za katikati juu chini. Mwalimu alilifungua mbele yake, akaanza kuhesabu mapigo kwa kidole, akasimama.

"Kuanzia hapa," alisema, "nisimame kwa kichwa?"

Muhuri alilichukua daftari, akakaa palepale sakafuni, akafumua mbele ya macho yake uzi wote, alioushona siku mbili, na akaanza upya. Mwalimu alivuta kiti akamtazama mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, mwalimu aliingia chumbani akarudi na madaftari mengine saba.

Jioni hiyo mkewe alimuuliza alijifunza nini.

"Nisimwambie mteja kesho wakati mikono inajua ni Alhamisi. Nilikuwa nakimbizana na ahadi yangu mwenyewe."

"Umeanza kuwa fundi," mkewe alisema. "Mpaka sasa ulikuwa mpenzi wa kazi tu."

Lakini wa tatu alipotea kabisa. Siku zilikwisha moja moja. Muhuri alizunguka shuleni, maktabani, kwenye ofisi za mawakili. Aliahidiwa, akaambiwa apite wiki ijayo, akaambiwa bajeti haijafika. Ikafika siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, wateja wakiwa bado wawili. Mkewe alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka karibu na cherehani. Ahadi ni ahadi, na yule mwanamke havunji ya kwake hata ikimuuma.

Saa tatu kaka akafika. Hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Bosi mwenyewe, anatokwa na jasho, na dereva wake amekumbatia mavitabu manne makubwa ya vizazi yanayomwaga kurasa kama mti unaopukutika.

"Bahati gani hii!" kaka alisema kwa sauti ya harusini. "Bosi amekuja mpaka hapa, kwa miguu yake. Mdogo wangu, saini hii hapa, twende kazini." Akaitandaza barua juu ya meza ya kazi. Ilikuwa imechapwa vizuri, kwenye karatasi nzito. *Kwa kuwa siku hiyo sikuwa na akili timamu…*

Bosi alijikohoza. "Kesho kutwa tuna wakaguzi kutoka makao makuu. Nilipofungua kabati…" Alionyesha mavitabu kwa kidole, kama anayeonyesha ajali. "Sijui imekuwaje. Mwezi mmoja tu! Mwezi mmoja, na haya uliyokuwa hujayashona yote yamekatika migongo. Njoo uyashone kama ulivyokuwa ukiyashona, na mimi nitachana ile barua yako."

"Imeshapokelewa," Muhuri alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalitafuta. Mkewe aliinua kichwa.

"Usinifanyie maskhara, karani," Bosi alisema.

"Samahani, nina swali," alisema mkewe Muhuri, akavuta kile kidaftari anachoandikia vipimo vya watu. "Huyu bwana nimwandike mteja, au mgeni?"

"Mteja gani?" kaka alimaka. "Huyu ni bosi wake! Amefahamiana naye miaka kumi na moja!"

"Ndiyo ninachouliza. Masharti yetu ni mtu asiyemjua." Alimgeukia Bosi kwa adabu zote za dunia. "Shikamoo. Mume wangu anaitwa nani?"

Bosi alimtazama Muhuri. Akatazama dari ya baraza. Akamtazama kaka, ambaye midomo yake ilikuwa inajaribu kumnong'oneza bila sauti.

"Tunamwita Muhuri," Bosi alisema.

"Hawajuani," mkewe aliamua, akaandika. "Watatu."

Muhuri alicheka kidogo, akaichukua ile barua iliyochapwa. Aliipima kwa vidole, akaiinua kwenye mwanga. Halafu akachukua rula na kisu, akaikata vipande virefu vyembamba, taratibu, hakuna kilichokwenda upande, na akavibandika kwa gundi mgongoni mwa daftari jingine la mwalimu wa muziki lililokuwa limebanwa mezani.

"Karatasi nzuri, kaka," alisema. "Inashika mgongo kweli."

"Umechanganyikiwa!" kaka alipiga kelele. "Mimi nilipiga magoti!"

"Nami nashukuru, kaka, toka moyoni. Sasa simama." Akamgeukia Bosi. "Mavitabu yako nitayapokea kama ya mteja mwingine yeyote. Tutaandikiana kazi na malipo yake. Manne hayawezi kuwa tayari kesho kutwa, mawili yanaweza. Nakuambia mapema ili usije ukaniamini bure."

Bosi alikuwa amewiva uso. Hakuzoea kusimama wakati karani amekaa. "Tuandikiane? Kwa vitabu vya ofisi? Miaka kumi na moja umevishona pale nyuma ya kabati, bila kudai kitu, bila kusema neno, na leo unanigeuzia kibao! Ni kazi gani hiyo ambayo imeanza kuwa kazi leo asubuhi?"

Mkewe aliacha kukanyaga pedali. Kaka alitazama chini, maana alimjua mdogo wake tangu utotoni na alijua jibu litakuja baada ya siku mbili, bafuni.

Muhuri aliyakusanya yale mavitabu manne, akasawazisha kurasa kwa viganja, kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto. Akayainua, akamrudishia dereva mikononi.

"Kama haikuwa kazi, Bosi, yarudishe kabatini," alisema, "uyasubiri yajishone."